Murdoch Stewart, Duki wa Albany: Aliyemketisha Mfalme Kitini, Kisha Akahukumiwa na Nduguze

Tarehe 25 Mei 1425, kwenye kilima kilicho kaskazini mwa ngome ya Stirling nchini Uskoti, watu watatu wa familia moja walikatwa vichwa hadharani. Mkuu wao alikuwa Murdoch Stewart, Duki wa Albany na Lodi wa Fife na Menteith, ambaye kwa takriban miaka minne alikuwa ameitawala nchi hiyo akiwa Gavana kwa niaba ya mfalme aliyekuwa kifungoni Uingereza. Pamoja naye aliuawa mwanawe Alasdair, na pia baba mkwe wake Duncan, Lodi wa Lennox, mzee wa miaka ipatayo 80. Mwanawe mwingine, Walter, alikuwa ameuawa Stirling siku moja kabla. Jambo linalokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa kwa makini ni kwamba mwaka mmoja tu nyuma, tarehe 21 Mei 1424, Murdoch huyo huyo ndiye aliyemketisha James wa Kwanza kwenye kiti cha enzi pale Scone, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa haki ya kurithi ya Lodi wa Fife. Hakuwa amekataa kukabidhi madaraka, wala hakuwa ameinua jeshi dhidi ya mfalme. Ni lipi basi lililomfikisha kwenye kilima kile?

Kwa maoni yangu, jibu halimo katika matendo yake mwenyewe, bali katika nasaba yake. Kila undugu uliompa Murdoch nguvu, yaani baba, ndugu, mke, mkwe na watoto, uligeuka kuwa sababu ya mfalme kumwogopa au kumchukia. Ili kuliona hilo, inabidi tuanze mbali kidogo, kwa baba yake.

Robert Stewart, baba yake Murdoch, alikuwa mtoto wa Mfalme Robert wa Pili na mdogo wake Mfalme Robert wa Tatu. Kaka yake alikuwa mtu dhaifu wa mwili, aliyelemazwa kwa teke la farasi, na tangu mwaka 1388 uendeshaji wa nchi uliangukia mikononi mwa Robert kwa vipindi virefu. Mwaka 1398 alipewa cheo cha Duki wa Albany, siku zile zile ambapo mpwa wake David, mrithi wa ufalme, alifanywa Duki wa Rothesay. Miaka minne baadaye David alikamatwa, akafungwa katika ngome ya Falkland iliyokuwa mali ya baba yake mdogo, na akafia humo mwaka 1402. Baraza la nchi lilitangaza kwamba kifo kile kilikuwa kwa kudra ya Mungu na kwamba Duki hakuwa na hatia, lakini watu wengi waliamini kwamba kijana yule alinyimwa chakula hadi akafa.

Kwa hofu hiyo, mtoto mdogo wa mfalme, James, aliwekwa melini mwaka 1406 ili apelekwe Ufaransa akiwa na umri wa miaka 11. Meli ikakamatwa na Waingereza karibu na rasi ya Flamborough. Baba yake akafariki tarehe 4 Aprili mwaka huo huo, majuma machache tu baada ya hapo, na mtoto akawa mfalme akiwa mfungwa. Aliyebaki kuitawala Uskoti kwa jina la Gavana alikuwa baba yake mdogo, Duki Robert, na alibaki katika nafasi hiyo hadi alipofariki mwaka 1420.

Murdoch, aliyezaliwa mwaka 1362, alikua katika kivuli cha baba huyo. Mwaka 1389 alipewa ujaji mkuu wa sehemu ya nchi iliyo kaskazini mwa mto Forth. Mwaka 1392 aliozwa Isabella, binti wa Duncan wa Lennox. Ndoa hiyo ilipangwa kwa hesabu kali. Duncan hakuwa na mtoto wa kiume wa ndoa, hivyo makubaliano yaliweka wazi kwamba himaya ya Lennox, yenye Ziwa Lomond na milima inayolizunguka, ingepita kwa Isabella na Murdoch na kwa watoto wao. Ukizijumlisha Fife upande wa mashariki, Menteith katikati na Lennox upande wa magharibi, utaona kwamba familia moja ilijiwekea mshipi wa ardhi uliokata nchi karibu kutoka bahari hadi bahari. Ngome ya Doune, aliyoijenga Duki Robert kando ya mto Teith, ilisimama katikati ya mshipi huo, na bado imesimama hadi leo, na mnara wake wa lango unaokaribia mita 30 ni ishara tosha ya jinsi watu hao walivyojiona.

Tarehe 14 Septemba 1402 Murdoch alitekwa na Waingereza katika vita vya Homildon Hill, akakaa kifungoni zaidi ya miaka 13. Hapa ndipo, kwa maoni yangu, penye mzizi wa kisa chote. Kuanzia mwaka 1406 binamu hao wawili, mfalme kijana na mtoto wa Gavana, walikuwa wafungwa wa mtawala mmoja, na mwaka 1413, Henry wa Tano alipotawazwa, wote wawili walipelekwa katika Mnara wa London. Walikuwa watoto wa ndugu wawili. Mmoja alikuwa mtu mzima wa miaka 50, mwingine hajatimiza 19. Na huko Uskoti yuko mtu mmoja mwenye uwezo wa kuzungumza na Waingereza juu ya kuwakomboa: baba wa yule mtu mzima, baba mdogo wa yule kijana.

Duki Robert alizungumza kweli, lakini bidii yake ilizaa tunda kwa mmoja tu. Mwaka 1415 ilipangwa Murdoch abadilishwe na Henry Percy, kijana wa ukoo mkubwa wa kaskazini mwa Uingereza aliyekuwa akiishi Uskoti. Mpango ulikwama kwa muda pale Murdoch alipotekwa nyara njiani huko Yorkshire, akapatikana baada ya siku chache. Mwanzoni mwa mwaka 1416 mabadilishano yakakamilika, Murdoch akarudi kwao. James akaachwa. Alikaa miaka minane mingine, na katika muda huo alichukuliwa na Henry wa Tano hadi Ufaransa, akalazimika kusimama upande wa jeshi lililokuwa likipigana na Waskoti wenzake. Mtu anaweza kujaribu kumtetea Duki Robert kwa kusema kwamba Waingereza walidai bei kubwa zaidi kwa mfalme, na hilo ni kweli. Hata hivyo, sioni namna kijana aliyebaki nyuma angeweza kulitazama jambo hilo kwa jicho la hesabu za kidiplomasia. Kaka yake alifia katika ngome ya mtu yule, na sasa mtu yule amemkomboa mwanawe na kumwacha yeye.

Duki Robert alipofariki mwaka 1420, Murdoch alirithi ugavana kama mtu anavyorithi shamba, jambo ambalo peke yake lilitosha kuwafanya watu waulize kama ufalme umehamia nyumba nyingine. Lakini hakurithi mkono wa baba yake. Malodi wakubwa walijichotea ushuru wa forodha katika bandari, na Gavana hakuweza kuwazuia. Tatizo lake kubwa zaidi lilikuwa ndani ya nyumba yake. Mwanawe mkubwa, Robert, alifariki mapema, na aliyechukua nafasi ya mrithi alikuwa Walter, kijana aliyeishika ngome ya Dumbarton juu ya mwamba wake kwenye mto Clyde, na aliyekuwa na nguvu zake mwenyewe katika nchi ya babu yake wa Lennox. Walter hakuwa tayari kumsikiliza baba yake, wala hakutaka mfalme arudi, kwa kuwa kurudi kwake kungemnyima kila alichokuwa akikitarajia.

Kuna hadithi iliyosimuliwa na waandishi wa baadaye kwamba Murdoch alikuwa na kipanga wa kuwindia aliyempenda sana, na Walter akamtamani. Kila alipomwomba baba yake akakataliwa, mpaka siku moja alimnyakua ndege yule kutoka mkononi mwa mzee na kumnyonga shingo papo hapo. Inasemekana Murdoch alimjibu kwamba kwa kuwa amekataa kumtii baba yake, atamleta yule ambaye wote watalazimika kumtii. Sichukui hadithi hiyo kuwa ushahidi wa tukio, kwa sababu ina ukamilifu mno wa kisimulizi. Ila walioitunga, kama ilitungwa, walikuwa wameielewa hali ya nyumba ile: baba ambaye ametawala ufalme na ameshindwa kumtawala mwanawe.

Kwa vyovyote, mazungumzo yalifunguliwa, na mnamo Desemba 1423 mkataba ukafikiwa London. Uskoti ilikubali kulipa mark 60,000, sawa na pauni 40,000, kwa awamu za mark 10,000 kwa mwaka. Kwa heshima fedha hizo ziliitwa gharama za kumtunza mfalme, si fidia. Mark 10,000 zilisamehewa zikawa mahari ya Joan Beaufort, binti wa ukoo wa kifalme wa Uingereza ambaye James alimwoa kabla ya kuondoka. Watoto na ndugu wa malodi zaidi ya 20 waliwekwa rehani Uingereza hadi deni liishe. Mwezi Aprili 1424, mfalme wa miaka 29 akavuka mpaka.

Tarehe 13 Mei, siku nane tu kabla ya kutawazwa, aliamuru Walter akamatwe, naye akafungwa kwenye Bass Rock, jabali lililo baharini nje ya mlango wa Forth. Na bado Murdoch alikwenda Scone na kutimiza wajibu wake. Wasomaji wengine huona hapo woga au upumbavu. Mimi naona kwamba alikuwa na sababu ya kuamini kwamba kosa lililokuwa likiadhibiwa lilikuwa la Walter peke yake, mtoto aliyekuwa amemshinda. Pengine hata alipata nafuu. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kudhani kwamba mfalme alimtenganisha baba na mwana kama alivyowatenganisha yeye.

Bunge lililokaa siku chache baadaye lilionyesha kwamba mfalme alikuwa akitazama mbali zaidi. Liliagiza ufanyike uchunguzi wa ardhi zote zilizokuwa mali ya taji katika enzi za wafalme watatu waliopita, na likaweka kodi ya peni 12 kwa kila pauni, ambayo wakati huo ilikuwa na peni 240, yaani asilimia 5, ili kulipa deni la Uingereza. Mfalme alihitaji fedha na ardhi, na hakuna aliyekuwa na ardhi nyingi kuliko nyumba ya Albany.

Kilichokuwa bado kinamzuia kilikuwa ndugu wa Murdoch kwa baba, John Stewart, Lodi wa Buchan. Huyu alikuwa amepeleka jeshi la Waskoti kuwasaidia Wafaransa, akawashinda Waingereza pale Baugé mwezi Machi 1421, na akapewa cheo cha Konstebo wa Ufaransa, ambacho ni ukuu wa majeshi yote. Murdoch alikuwa na ndugu mwenye jeshi na jina kubwa, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Na hata fimbo hiyo ilivunjika tarehe 17 Agosti 1424, Buchan alipouawa katika vita vya Verneuil pamoja na Archibald, Lodi wa Nne wa Douglas, na maelfu ya watu wao. Kwa siku moja James aliondolewa hofu ya jeshi pekee ambalo lingeweza kurudi kumtetea Murdoch. Kabla mwaka haujaisha, mzee Duncan wa Lennox alikuwa amekamatwa, pamoja na mpiganaji mmoja aitwaye Robert Graham, ambaye tutakutana naye tena.

Kuna jambo jingine ambalo sidhani linapewa uzito wa kutosha. Mtoto wa kwanza wa James, aliyezaliwa Desemba 1424, alikuwa msichana. Kwa utaratibu wa urithi uliowekwa mwaka 1373, taji lilikuwa lipite kwa wanaume wa ukoo wa Stewart, na kwa hiyo mrithi wa James, endapo angekufa bila mtoto wa kiume, alikuwa Murdoch, na baada yake watoto wake. Kila siku mfalme alipokaa mezani na binamu yake, alikuwa akikaa na mtu ambaye angefaidika kwa kifo chake. Hilo halikuhitaji Murdoch afanye chochote. Lilitokana na kuzaliwa kwake tu.

Bunge lilikutana Perth Machi 1425, na tarehe 21, siku ya tisa ya kikao, Murdoch na Alasdair walikamatwa. Ngome za Falkland na Doune zikachukuliwa na watu wa mfalme, na Isabella naye akakamatwa. Murdoch alifungwa kwanza St Andrews, kisha akapelekwa Caerlaverock, ngome ya pembetatu iliyo kusini magharibi karibu na mpaka, mbali na kila mahali ambapo jina la Albany lingeweza kukusanya watu.

Inawezekana kwamba hata wakati huo wengi wa wafungwa hao wangebaki hai. Lakini alikuwapo mtoto mmoja wa Murdoch aliyeponyoka, James, ambaye kwa ukubwa wa mwili wake aliitwa James Mnene. Tarehe 3 Mei alishuka na watu wa Lennox, akauchoma mji wa Dumbarton na kumuua Sir John Stewart wa Dundonald, aliyekuwa ndugu wa baba yake mfalme, pamoja na watu zaidi ya 30. Kisha akakimbilia Ireland akiandamana na Finlay, askofu wa Argyll. Nadhani alitaka kuwaokoa wazazi na ndugu zake kwa kumtisha mfalme. Matokeo yake yalikuwa kinyume kabisa, kwani sasa mfalme alikuwa na damu ya baba yake mdogo ya kudai, na uasi wa wazi wa kuwaonyesha malodi waliokuwa bado wanasitasita.

Kesi ilisikilizwa Stirling tarehe 24 na 25 Mei mbele ya jopo la watu 21. Ukiyapitia majina ya waliokaa katika jopo hilo, unakuta karibu ukoo mzima. Alikuwamo Walter Stewart, Lodi wa Atholl, ambaye alikuwa baba mdogo wa Murdoch na wa mfalme pia. Alikuwamo Alexander Stewart, Lodi wa Mar, mtoto wa ndugu mwingine wa Duki Robert. Alikuwamo Lodi mpya wa Douglas, ambaye dada yake ndiye aliyekuwa mke wa marehemu Buchan. Alikuwamo pia Alexander, mtawala wa Visiwa vya magharibi, ambaye nyumba yake ilikuwa na kisasi cha zamani na Albany kuhusu himaya ya Ross. Walter alihukumiwa siku ya kwanza kwa kosa la unyang'anyi, na siku ya pili wakafuata baba yake, ndugu yake na babu yake.

Katika jopo hilo ninamwangalia hasa Atholl. Nyumba ya Albany ikishaondolewa, mtu wa karibu zaidi na taji alikuwa yeye. Kila kura ya hatia aliyoitoa ilimsogeza hatua moja kuelekea kiti cha enzi, na hakuna aliyemtaka ajitenge na kesi hiyo. Leo tungeliita jambo hilo mgongano wa maslahi na hukumu ingefutwa. Wakati ule, hukumu ya wenye cheo ilipaswa kutolewa na wenzao, na wenzao walikuwa ndugu zao.

Hukumu ya mzee Duncan ndiyo ninayoshindwa kabisa kuitetea. Alikuwa kifungoni wakati mjukuu wake alipoishambulia Dumbarton, na umri wake ulikuwa umemwacha bila uwezo wa kumdhuru yeyote. Alichokuwa nacho ni Lennox, na Lennox ilitakiwa. Baada ya mauaji, himaya tatu, Fife, Menteith na Lennox, ziliingia mikononi mwa mfalme. Malipo ya Uingereza, kwa upande mwingine, yalikoma baada ya mark 9,500 tu, na baadhi ya wale waliowekwa rehani walifia huko.

Walter Bower, abati wa Inchcolm, aliyeishi wakati huo na kumheshimu sana mfalme James, aliandika kwamba waliouawa walikuwa watu wa umbo kubwa na wa kuvutia, na kwamba Walter alililiwa hata na watu ambao hawakuwahi kumwona. Ushahidi wa mtu aliye upande wa mfalme una uzito wa pekee hapa. Miili ilizikwa katika kanisa la watawa wa Kidominiko pale Stirling.

Isabella alizuiliwa katika ngome ya Tantallon, kwenye jabali la pwani ya mashariki, hadi mwaka 1433. Katika siku mbili alikuwa amefiwa na baba, mume na wana wawili, na James Mnene, mwana wake wa mwisho, alifia Ireland mwaka 1429 bila kumwona tena. Wakati huo huo mfalme alikuwa ameanza kuvuna alichopanda. Oktoba 1430 alipata mtoto wa kiume, na matumaini ya Atholl yakaanza kufifia. Usiku wa tarehe 20 Februari 1437, katika nyumba ya watawa huko Perth, kundi la watu lililoongozwa na yule Robert Graham aliyekamatwa pamoja na Duncan lilimvamia James na kumchoma visu hadi akafa. Mlango walifunguliwa na mjukuu wa Atholl, aliyekuwa mtumishi wa ndani wa mfalme. Mwezi uliofuata mzee Atholl aliuawa kwa hukumu, akiwa mtu wa jopo lile la Stirling aliyefikia mwisho ule ule.

Isabella aliwazidi wote maisha. Baada ya kifo cha mfalme alirudi kutumia cheo chake cha Lodi wa Lennox bila kusubiri mtu amrudishie, akaishi kwenye kisiwa cha Inchmurrin ndani ya Ziwa Lomond, na kutoka huko akatoa hati za ardhi kama watangulizi wake walivyofanya. Mojawapo, ya mwaka 1451, iliwapa Wadominiko wa Glasgow ardhi ili waziombee roho za Murdoch mumewe, Duncan baba yake, na wanawe Walter, James na Alasdair. Mwaka 1454 akaanzisha kanisa kubwa Dumbarton, mji ule ule ambao mwanawe aliuchoma.

Alipofariki, yapata mwaka 1458, hakuwa na mtoto aliye hai, lakini wajukuu wa nje ya ndoa walikuwapo. Mmoja wao, Andrew Stewart, Lodi wa Avandale, alikuwa Chansela wa Uskoti kwa zaidi ya miaka 20 chini ya mjukuu wa mtu aliyemuua babu yake. Himaya ya Lennox yenyewe iligombaniwa kwa miaka mingi kati ya warithi wa dada zake, na mwishowe cheo kikaenda kwa uzao wa dada yake Elizabeth, mke wa John Stewart wa Darnley. Katika ukoo huo alizaliwa Henry Darnley, mume wa Malkia Mary, na mtoto wao akawa James wa Sita, ambaye mwaka 1603 alirithi pia taji la Uingereza. Kupitia kwake, damu ya Duncan wa Lennox ilifika kwenye kiti kile kile ambacho James wa Kwanza alikilinda kwa kumkata kichwa mzee huyo.